Kizungu cha Makartoni na Siku Niliyopoteza Chumba

Kila Jumamosi kuna mmoja wenu, nyinyi walimu wa watoto wadogo, anayebisha geti langu hapa Kiplombe. Anaingia na kibegi mgongoni, ananiita Mzee, anasifu kuku wangu, halafu anatoa kilichomleta: "Mzee, nitengenezee ndovu. Jumatatu nafundisha darasa la PP2 somo la wanyama." Namjibu kwamba sitengenezi ndovu. Anafikiri nataka kubembelezwa. Hamnijui. Mimi nikisema hapana ni hapana. Chai utakunywa, halafu utaenda.

Huko mjini mnaambiana kwamba Mwalimu Kartoni amekuwa mchungu kama shubiri. Ni kweli, nimekuwa. Lakini nimechoka kueleza mmoja mmoja getini, ndiyo maana nimeamua kuandika, msome wote mara moja na mniache na kuku wangu. Nitawaambia vile kazi ya kufundisha mtoto Kizungu kwa mikono inavyofanywa, maana hakuna mtu Eldoret nzima anayenishinda kwa hiyo. Pia nitawaambia vile nilipoteza chumba changu, na nilikuwa nakitaka hicho chumba kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka baada ya mke na shamba.

Kwanza mjue mnaongea na nani. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilikuja hapa kutoka Magharibi na suruali moja na nguvu ya mabega. Nilibeba simiti kwa mjengo kule Pioneer, na useremala nikauiba kwa macho, hakuna mtu alikaa chini akanifundisha. Kabla sijafika miaka thelathini, shule nne hapa mjini watoto walikuwa wanakalia madawati yangu. Nyumba hii nimejenga mwenyewe kuanzia msingi hadi mabati ya rangi. Binti yangu mkubwa ni nesi. Kizungu nilicho nacho nilikitoa kwa watoto wa baby class, nikiwa nimekaa kwa kile kiti cha chini, magoti karibu na masikio. Anayetaka kucheka acheke. Wenye diploma walikuwa wanakuja kunichungulia dirishani waone ninafanya nini.

Shule yenyewe ilikuwa Kimumu, ya mtu binafsi. Jina lake siliandiki, mwenyewe atajijua. Niliitwa kurekebisha madawati, nikaona kule nyuma mama mmoja mnene, Mama Jerotich, akifundisha watoto wadogo chini ya mabati bila dari. Nilikuwa natupa kartoni zilizokuja na misumari.

"Wewe fundi," akaniita, "hiyo kartoni ni ya nani?"

"Ni takataka tu, Mama."

"Takataka ni hiyo akili yako. Leta hapa."

Alichukua mkasi akakata kiatu. Kiatu cha kartoni, bapa, ukubwa wa mguu wa mtoto. Akatoboa matundu sita kwa msumari wangu, akampa mtoto uzi wa sweta kuukuu. Mtoto akaanza kupitisha uzi huku mama anasema naye polepole: in, out, in, out, pull. Mwishowe, tie. Watoto wote wakapata kiatu. Kufikia saa ya uji darasa zima lilikuwa linaimba in na out kama watu wanaosonga ugali wa harusi. Nami nimesimama hapo na nyundo, mtu mzima mwenye watoto wawili nyumbani, nikiwaza mlango wa benki ulioandikwa PULL, ambao nimeusukuma kwa bega miaka yote.

"Umeona?" akasema Mama Jerotich. "Kizungu haiingii na masikio. Inaingia na kidole. Kidole ikishajua, mdomo itafuata yenyewe."

Hilo ndilo somo lote. Miaka miwili mnakaa college, na mama aliyesoma kidogo kuliko nyinyi alilimaliza kabla uji haujapoa.

Nilianza kumtengenezea vitu jioni baada ya madawati. Halafu nikawa naingia darasani kumshikia. Magoti yake yalipomshinda akarudi shambani kwao, na siku ya kuaga alimwambia Mkurugenzi mbele yangu: "Mpatie fundi hii darasa." Mkurugenzi ni mtu aliyekuwa akiuza mbolea kabla ya kufungua shule. Alinitazama vile unatazama ng'ombe wa kukodi. Lakini muhula ulikuwa katikati, na mwalimu wa cheti hapatikani katikati ya muhula, kwa hivyo alikubali. Alinipa stoo ya zamani ya mahindi iwe chumba changu. Kwenye kitabu cha wafanyakazi nikaandikwa Fundi, na Fundi nikabaki mpaka mwisho. Watoto ndio waliniita Mwalimu.

Ile stoo niliitengeneza! Nilitoboa madirisha mawili, nikapiga rafu kuta tatu, nikaweka meza za chini ambazo kona zake nimezipiga randa ziwe za mviringo. Kila mtoto alikuwa na kisanduku chake cha kartoni ya mafuta ya kupikia. Ukiingia ulikuwa unasikia harufu ya gundi ya unga na magunzi ya mahindi. Miaka kumi na minne.

Haya, chukueni kalamu, hapa ndipo mnaponitafutia.

Gundi pika mwenyewe. Unga wa ngano, maji baridi kwanza, koroga hadi madonge yaishe, ndipo uweke jikoni. Tia chumvi nyingi. Mwaka wangu wa kwanza sikutia chumvi. Panya walikula ukuta mzima wa herufi nilizobandika, wakaacha Q pekee, nafikiri hata wao hawakujua kazi yake. Na sababu ya pili ya chumvi ni watoto. Gundi ya unga inafanana na uji, na mtoto wa Kimumu hadanganywi kuhusu uji. Nikiwafundisha "glue" walikuwa wanalamba. Mzazi mmoja alikuja mbio asubuhi: "Mwalimu, mtoto wangu amekataa chai. Anasema, I want glue. Mnampa nini huku?" Tangu siku hiyo gundi yangu ina chumvi ya kutapisha.

Mkasi, usinunue mwingi. Hapa ndipo mnakosea wote. Mnataka kila mtoto na mkasi wake, mnafikiri ndiyo maendeleo. Mtoto mwenye kila kitu ana haja gani ya kuongea? Mimi niliweka mkasi mmoja kwa watoto sita. Gundi nikaishika mwenyewe. Rangi nyekundu nikaipa meza ile, buluu meza hii. Sasa mwenye kutaka jua jekundu lazima avuke chumba aende akaombe, na hapewi kama hajaomba kwa Kizungu. Please, red. Wait. My turn. Give me. Thank you. Hayo maneno sikuyaandika ubaoni hata siku moja. Njaa ya mkasi ndiyo iliyoyafundisha.

Usimalizie mtoto kazi. Ikiwa jicho la samaki liko mkiani, liache. Muulize tu: where is the eye? Atakuonyesha, atacheka, na neno litabaki.

Na usijivune kuliko unavyojua, nami nawaambia hivi nikiwa najua kujivuna. Mwaka mmoja nilitengeneza saa za kartoni, mishale ya plastiki ya chupa, kisoda katikati kama ekseli. Nzuri ajabu. Nikawafundisha: it is one o'clock, we come to school. It is six o'clock, we eat lunch. Watoto arobaini wanazungusha mishale, wanaimba. Wiki nzima. Ijumaa mwalimu wa darasa la nne akapita dirishani, akasimama, akashika kiuno. "Fundi, hawa watoto wako wanakula lunch saa kumi na mbili?" Nilikuwa nimewafundisha saa ya Kiswahili kwa maneno ya Kizungu. Mjengo wote niliofanya, hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Mzungu anaanza kuhesabu siku kutoka upande mwingine. Nilirudi nyumbani sikula. Jumatatu niliwapanga watoto kumi na wawili uwanjani kwa duara, wawe saa yenyewe, na kamba mbili kutoka katikati. Nikawaambia: ukishika kamba ya Kiswahili, mwenzako anayekutazama uso kwa uso upande wa pili ndiye anashika ya Kizungu. Saa moja inatazamana na seven. Hawakusahau tena, na mwalimu wa darasa la nne alikuja kuniomba hiyo kamba. Nilimpa. Nilimwangalia tu mpaka akatazama viatu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa. Nikikosea narekebisha, na nikirekebisha nakushinda.

Sasa nije kwa kile mnachonong'ona.

Mtaala mpya ulipoingia nilifikiri siku yangu imefika. Kila mahali wanasema mtoto ajifunze kwa kutenda. Nikasema, leo wamekuja kwa Mama Jerotich na mimi! Kumbe wapi. Mliona wenyewe kilichotokea. Mtoto anaambiwa alete ndege wa karatasi ya manila kesho, na anayetengeneza ni baba, au ni dada wa duka la cyber, mtoto amelala. Asubuhi analeta ndege mzuri ambaye hajui hata mdomo wake unaitwaje. Mwalimu anapiga picha anatuma kwa group ya wazazi. Wote wameridhika isipokuwa Kizungu.

Nilikuwa nawacheka. Niliwacheka sana, kwa sauti, staff room. Kumbukeni hilo.

Mkurugenzi naye alikuwa ameona shule jirani imeweka chumba cha kompyuta na rangi mpya getini. Akaja kwangu akasimama mlangoni, haingii, anaogopa gundi kwa suti.

"Fundi, hii stoo ni chumba kikubwa."

"Ni darasa, Mkurugenzi."

"Wazazi wanauliza kompyuta. Nikiwaleta hapa naona aibu. Tazama." Akaonyesha rafu kwa ufunguo wa gari. "Hii ni nini? Ni mbuzi ama ni kiti?"

"Ni mbuzi."

"Inafanana na takataka, Fundi. Mimi si mtu mbaya. Wiki tatu zijazo tuna siku ya wazazi, na kuna mgeni atatoka ofisi ya elimu. Waonyeshe kitu safi. Wakipenda, chumba ni chako, sitakusumbua tena. Wasipopenda, naleta kompyuta."

Ningemwambia mbuzi yule anaongea Kizungu kuliko yeye. Badala yake nilishikwa na kitu kingine. Mtu ameniambia kazi inayotoka chumba changu ni takataka, mimi, ambaye meza zangu hazichezi hata uziweke kwa mteremko. Nikasema moyoni, nitamwonyesha huyu muuza mbolea mkono wa fundi.

Nilitengeneza shamba. Shamba zima la Uasin Gishu kwa kartoni, likajaa meza tatu. Ng'ombe kumi na wawili, wamesimama sawasawa, kwato zimepakwa rangi nyeusi. Trekta yenye magurudumu ya visoda yanayozunguka. Mahindi ya karatasi ya kijani, kila jani limekunjwa. Silo, geti linalofunguka, maziwa kwa mitungi ya vifuniko vya dawa ya meno. Hata nyinyi wenye vyeti mngelia. Sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivyo, na sitatengeneza tena.

Wiki hizo tatu watoto walikuja darasani kama kawaida, lakini hawakukata kitu. Nafasi haikuwepo. Niliwakalisha mikono juu ya mapaja, nikawa nawaonyesha shamba kutoka mbali kwa rula: this is a cow, this is a tractor, this is a gate. Wanaitikia. Mmoja akinyoosha mkono kugusa mkia wa ng'ombe, nageuka kama nyuki: "Don't touch!" Mwingine anavuta geti: "Don't touch! I said!" Usiniulize mara ngapi kwa siku.

Na siku mbili kabla ya wageni nilisafisha rafu. Vile visanduku vya watoto na vile vitu vyao vilivyopinda, mbuzi wa kiti, samaki wa jicho mkiani, nyumba zilizolala, vyote nilivipeleka kwa shimo nyuma ya choo nikawasha moto. Hakuna aliyeniagiza. Niliona vinaaibisha shamba langu.

Siku ilipofika chumba kilikuwa kinang'aa. Wazazi wamejaa mpaka nje, wanaume wamevua kofia, akina mama wanasema "Aki hii ni kama ya kununua!" Mkurugenzi anatabasamu. Mgeni alikuwa mama mpole, wa makamo. Alizunguka meza zote tatu, akanisalimia kwa mikono miwili, akaniita Mwalimu mbele ya watu. Nilihisi nimeshinda. Halafu akachuchumaa mbele ya mtoto wa meza ya kwanza, akamwonyesha ng'ombe.

"And what is this?"

Mtoto akamtazama vizuri, akajibu bila kuogopa: "Don't touch."

Watu wakacheka kidogo. Mama akacheka pia, akaenda kwa wa pili. "Who made this nice tractor?"

"Don't touch."

Akaenda wa tatu, msichana mchangamfu, anayejua jibu kuliko wenzake. Huyo alisimama kabisa, akaweka mkono kiunoni, akatoa kidole, na sauti iliyotoka ilikuwa yangu, na ukali wangu, na hata kule kupumua kwangu: "Don't touch! I said!"

Chumba kikapasuka kwa kicheko. Baba mmoja nyuma akasema, "Hawa kweli wamefundishwa!" Wakacheka tena. Mgeni akajaribu kunisaidia, akawauliza watoto ng'ombe ana rangi gani, miguu ni mingapi. Walitazama mikono yao. Ilikuwa imekaa mapajani wiki tatu.

Mgeni hakusema neno baya. Aliandika kitu kwa daftari, akatoka. Mkurugenzi alingoja wazazi waende kwa soda, akaniambia pole pole tu: "Umeona, Fundi? Ijumaa kuna mkutano wa wazazi. Watainua mikono, chumba ama kompyuta. Mimi sitasema kitu."

Mngekuwa nyinyi mngelala. Mimi nilipigana. Jumatatu, Jumanne, nilisimama getini asubuhi nikiwaomba wazazi wanitetee. Wengi walisema tutaona, Mwalimu. Ukiambiwa tutaona na mzazi ambaye injini ya pikipiki yake inanguruma, jua tayari ameona.

Jumatano akaja Mama Chemutai. Ni mama anayefulia watu nguo kule Pioneer, mikono yake imekunjamana kwa sabuni. Hakungoja nimwombe.

"Mwalimu, Ijumaa mimi nitasimama."

"Asante, Mama. Mungu akubariki."

"Nitawaambia kuhusu Chemutai wangu. Si unakumbuka alikuwa haongei?"

Ningesahauje? Huyo mtoto alikuja mwezi wa kwanza, na mpaka wa nne hakuwa ametoa neno shuleni, si Kizungu, si Kiswahili, si Kinandi cha kwao. Alikuwa heri ajikojolee kuliko aombe ruhusa. Walimu wengine walisema apelekwe shule ya viziwi. Nikamwacha tu akate. Siku moja anatengeneza ng'ombe kwa gunzi na vijiti. Mguu mmoja ukaanguka, akatafuta, hakuuona, akatengeneza mwingine. Alipomaliza akaupata ule wa kwanza chini ya benchi, naye akaubandika vilevile. Ng'ombe akawa na miguu mitano. Nikamwambia, kwa ujuzi wangu wote: "Cow, four legs. Remove one." Akamfunika yule ng'ombe kwa mikono yote miwili, akanitazama machoni, akasema: "No. Mine. Five." Maneno matatu. Nilitoka nje nikajifanya natafuta mbao.

"Alikuja nyumbani siku hiyo anaongea," Mama Chemutai akaendelea, "mpaka baba yake akamwambia nyamaza kidogo tule. Kila siku ananiambia five, Mama, five. Sasa mimi, Mwalimu, si mtu wa kuongea mbele ya watu. Nitatetemeka. Lakini nikiwa na hiyo ng'ombe kwa mkono nitaweza. Nitainua juu waone. Hawa watu hawaamini maneno, wanaamini kitu. Nipatie nikae nayo mpaka Ijumaa."

Nilimwacha getini nikaingia chumbani. Nilijua iko wapi, lakini nilipekua rafu kana kwamba sijui. Halafu nikachukua ng'ombe mmoja wa shamba, yule mzuri kuliko wote, nikampelekea.

"Chukua huyu, Mama. Huyu ndiye mzuri zaidi."

Akamgeuzageuza. Akahesabu miguu kwa kidole.

"Huyu ni wako, Mwalimu. Yake iko wapi?"

"Watu wataona ni ng'ombe. Si ni ng'ombe?"

"Nikisimama na huyu nitakuwa nadanganya mtoto wangu. Na yeye atakuwa ameketi hapo. Yake iko wapi?"

Nikamwambia nilichoma. Sikujua ninasema kwa sauti ndogo mpaka aliponiambia nirudie.

Alininyooshea ng'ombe wangu, nikapokea. Hakunitukana. Afadhali angenitukana, maana matusi nayajua, ya mjengo yote. Aliniuliza tu: "Sasa mimi nitasimama niseme nini?"

Ijumaa nilikaa nje karibu na dirisha, kwa sababu Fundi si wa mkutano wa wazazi. Mkurugenzi aliwaambia waliokaa, kuna mwenye neno kabla hatujainua mikono? Kwa benchi la tatu nilimwona Mama Chemutai akiinuka nusu. Mtoto alikuwa pembeni yake. Mama akafungua mdomo. Akatazama mkono wake mtupu, akaketi. Mkurugenzi akangoja kidogo, nakubali alingoja, halafu akasema, wa kompyuta. Mikono ikaenda juu kama mahindi mwezi wa saba. Ya Mama Chemutai haikuenda huku wala huko.

Wiki iliyofuata niling'oa rafu mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua nimezishikilia vipi. Lile shamba Mkurugenzi aliliomba. Liko ofisini kwake, kwenye kabati la kioo, na karatasi iliyochapwa: Kazi ya Wanafunzi Wetu. Walioenda huko mmeliona. Ndilo mnalokuja kuniomba mfano wake kila Jumamosi.

Nina hasira na yule mtu hadi leo. Nina hasira na wazazi waliocheka. Nina hasira na vyeti vyenu pia, sitawaficha, maana hakuna hata kimoja kilichoandikwa kwamba gundi inatiwa chumvi. Lakini kura ile Mkurugenzi hakuiba. Nilimpa mimi, kwa kiberiti changu.

Kwa hivyo usiniombe ndovu. Ndovu ninaweza kukutengenezea mpaka umwogope. Rudi darasani na kartoni tupu, mkasi mmoja, gundi ya chumvi. Mtoto atakuletea kitu ambacho hujui ni mbuzi ama ni kiti. Muulize. Akishakujibu, andika jina la mtoto chini yake kwa kalamu isiyofutika, ukiweke juu, mahali pakavu, mbali na panya na mbali na wageni. Na hata mikono ikikuwasha vipi, usikinyooshe.